Maiti Atapita Wapi?

Bibi yangu alinipigia simu asubuhi moja akaniambia, "Njoo leo, wanakuja na makaratasi yao." Sikuhitaji kuuliza ni nani. Katika mtaa wake wa Ng'ambo, hapa mjini Unguja, ilikuwa imeshavuma kwamba nyumba kongwe zitavunjwa yajengwe majumba ya ghorofa. Mhariri hakunituma. Nilikwenda kama mjukuu, ingawa daftari nililitia mfukoni, maana mwandishi wa habari hakosi daftari.

Mkutano ulifanyika katika darasa la skuli. Wazee walikaa kwenye viti vya wanafunzi, magoti yamegusa vidani. Afisa aliyekuja, kijana wa rika langu, mpole na mwenye adabu, alibandika mchoro ubaoni: jumba la ghorofa saba, maduka chini, maegesho ya magari, miti ya kijani kibichi na watu wembamba wanatembea wakiwa hawana hata mfuko wa mbatata mkononi. Watu waliuliza maswali unayoyategemea. Fidia itakuwaje? Tutakaa wapi wakati wa ujenzi? Tutarudi sote, au watarudi wenye pesa? Kijana wa watu alijibu kila swali kwa utaratibu.

Kisha bibi alinyanyua mkono.

"Mwanangu," alisema, "jumba zuri, Mungu alibariki. Lakini maiti atapita wapi?"

Vijana waliosimama nyuma walicheka. Afisa naye alitabasamu. "Bi Mkubwa, Inshallah kutakuwa na lifti."

"Hiyo lifti jeneza linaingia?"

Afisa aligeuka akautazama mchoro wake, kama mtu anayetafuta kitu alichokuwa na hakika kipo. "Hilo tutalizingatia," akasema, na kumpa nafasi mtu mwengine.

Nakiri kwamba na mimi nilicheka. Nilidhani ni maneno ya uzee. Ilinichukua muda, na usomaji mwingi wa historia ya mji huu, kufahamu kwamba bibi aliuliza swali la kitaalamu kuliko yote yaliyoulizwa siku ile, na kwamba alilipata jibu lake zamani, kwa uchungu, kwenye ngazi za Michenzani.

Kwa msomaji asiyeijua Unguja, nieleze kidogo. Mji wetu ulikuwa na pande mbili zilizotenganishwa na mkono wa bahari. Upande wa magharibi ni Mji Mkongwe, wenye majumba ya mawe na milango ya nakshi, ambao mwaka 2000 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Upande wa pili uliitwa Ng'ambo, yaani ng'ambo ya maji. Ule mkono wa bahari ulifukiwa kidogo kidogo katika karne ya 20, na leo palipokuwa na maji pana barabara. Hata jina la Darajani limebaki bila daraja. Ng'ambo nayo imebaki ng'ambo, ingawa hakuna tena cha kuvuka.

Ng'ambo ilikuwa ya watu wa kawaida: waliotoka bara, Wangazija, watu wa mashamba, na baada ya utumwa kupigwa marufuku mwaka 1897, wengi waliokuwa watumwa waliokuja mjini kutafuta maisha. Walijenga nyumba za boriti na udongo, wakaezeka makuti, na waliojaaliwa wakapiga chokaa. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba na kuuza vyungu kabla ya kuwa mwimbaji mkubwa wa taarabu, alipohamia mjini mwaka 1911 alikuja kuishi Ng'ambo. Likumbuke hilo jina la Fumba, nitalirudia.

Sisi wapenzi wa riwaya tumepita Ng'ambo mara nyingi bila kutoka kitandani. Katika Vuta N'kuvute ya Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1999, Yasmin anaiacha nyumba ya mume aliyelazimishwa kuolewa naye, na mlango unaomfungukia ni wa Mwajuma, kwenye kibanda cha Ng'ambo. Niliposoma mara ya kwanza nikiwa skuli niliona ni kisa cha mapenzi na siasa. Siku hizi nikisoma naona pia nyumba: ndogo, duni, lakini mtu anaweza kugonga usiku akafunguliwa. Zile siku anazozisimulia Shafi ni za kabla ya uhuru. Miaka michache baadaye, sehemu kubwa ya Ng'ambo ya aina ile ilivunjwa.

Wakoloni hawakuwa na jicho zuri kwa Ng'ambo. Mwaka 1923 mtaalamu wa Kiingereza, H. V. Lanchester, alichapisha kitabu kizima kuhusu kuupanga mji wa Zanzibar. Mwaka 1946 ukaja mpango mwengine. Katika mipango hiyo Ng'ambo ni mtaa wa "wenyeji", tatizo la kutatuliwa: imesongamana, haina mitaro, inahitaji kunyooshwa. Sehemu kubwa ya yaliyosemwa ilikuwa kweli. Lakini ukizisoma karatasi zile unatafuta sauti ya aliyekaa ndani ya nyumba, huipati.

Sauti hiyo ilisikika mahali pengine. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya ardhi. Mambo yalikuwa hivi: nyumba ilikuwa yako, umeijenga kwa jasho lako, lakini kiwanja kilichokuwa chini yake kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alitaka alipwe, tena kodi ikawa inapanda. Watu wakasema hatulipi. Wengine wakashitakiwa, wengine wakafungwa, pakatokea ghasia. Kwa hiyo tunaposikia leo kwamba wakaazi "wamezoea kulalamika", tujue ni mazoea ya karibu miaka 100, na yalianza na swali la maana: aliyejenga nyumba ana haki gani juu ya pale alipoijenga?

Mapinduzi ya Januari 1964 yalilijibu swali hilo kwa namna yake. Mwezi wa Machi mwaka huohuo Mzee Karume alitangaza kwamba ardhi yote ni mali ya serikali. Kodi ya ardhi ya Ng'ambo ikafa. Kisha ikaja ahadi kubwa zaidi: kila mtu apate nyumba ya kisasa, yenye maji na umeme. Ujerumani Mashariki ikaleta wataalamu na vifaa. Walianza Kikwajuni na Kilimani, kisha mpango mpya wa mji wa mwaka 1968, uliochorwa na Hubert Scholz, ukaikusudia Ng'ambo yenyewe. Katikati ya mitaa zilipitishwa njia mbili pana zinazokatana, na kando yake yakasimama majumba ya Michenzani, kumi kwa jumla, mengine yakiwa na urefu wa karibu mita 300. Watu wakayaita nyumba za maendeleo. Zikajengwa pia mashamba, Bambi na Makunduchi, na Pemba kuanzia Mkoani mpaka Wete.

Mpango ulikuwa wa maelfu ya fleti. Karume aliuawa Aprili 1972, fedha nazo zikawa ngumu. Kufika mwishoni mwa miaka ya 1970, Michenzani ilikuwa na fleti zipatazo 1,100.

Nyumba ya babu mzaa bibi ilikuwa kwenye njia ya mojawapo ya majumba hayo. Bibi anaieleza kama anaiona: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua nyuma wenye jiko, choo na mti wa mkomamanga. Babu alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa barazani. Katika vyumba sita waliishi yeye na mkewe na watoto, dada yake mjane, mpwa wake aliyekuwa kuli bandarini, mvuvi mmoja wa Kitumbatu aliyepanga chumba, na mwanamke aliyekuwa akipika vitumbua, ambaye naye alikuwa mpangaji. Walipokuja kuhesabu, waliandika: nyumba moja.

Basi ikatoka fleti moja, ghorofa ya nne, vyumba viwili na ukumbi. Babu na wanawe wakapanda juu. Shangazi mtu akenda kukaa kwa jamaa Jang'ombe. Mpwa akatafuta chumba Kwahani. Mvuvi na mama wa vitumbua hawakuwemo katika hesabu yoyote, na bibi hajui mpaka leo waliishia wapi. "Tulikuwa hatuchukuani udugu kwa damu," aliniambia. "Yule mama ndiye aliyenifunza kupika. Siku ya kuvunjwa alibeba chuma chake cha vitumbua kichwani akaondoka, sikumwona tena."

Lakini asikudanganye mtu ukadhani bibi aliyachukia yale majumba. Nilipomuuliza kuhusu usiku wa kwanza, alicheka. Anasema walikuwa wakiwasha taa na kuzima, wakiwasha na kuzima, mpaka babu akakasirika. Choo ndani ya nyumba. Hakuna wa kuja kudai kodi. Na jambo moja ambalo sikulifikiria kamwe: moto. Chini ya makuti walilala kila siku wakihofia kibatari cha jirani. "Kule juu," anasema, "nililala usingizi ambao sikuwahi kuulala." Kwa watu ambao wazazi wao waligoma mwaka 1928, fleti ile ilikuwa ushindi, na anayeisimulia historia ya Michenzani kama kisa cha ubaya mtupu hajakaa na wazee akawasikiliza.

Yaliyowashinda yalikuwa mambo madogo ambayo hakuna aliyewauliza.

Maji yalikuwa hayana nguvu ya kufika juu. Yakifika ya kwanza usiku wa manane, ya mchana hayapo. Kwa hiyo ndoo zilipanda ngazi vichwani mwa wasichana, ghorofa nne, mara sita kwa siku. Kutwanga kukawa ugomvi: ukipiga mchi, jirani wa chini anadhani dari inamwangukia. Jiko la makaa lilitolewa kwenye kijibaraza cha nyuma, moshi ukawa unaingia kwa wa juu. Na cherehani ya babu ilikosa baraza. Nani atapanda ghorofa nne kwenda kutia kiraka cha kanzu? Kila asubuhi yeye na mwanawe waliishusha kwa mikono, wakaiweka chini ya ngazi, na kila jioni wakaipandisha. Alifanya hivyo mpaka mgongo ulipokataa.

Nimetembea Michenzani mara nyingi nikiwa na macho ya hadithi hii, na nimeona jinsi watu walivyolisahihisha jumba wenyewe. Chini ya ngazi kuna vibao vya kukalia, kuna bao la kete, kuna wauza urojo na kahawa. Wakaazi walilirudisha baraza lao kwa misumari na mbao za kuokota. Siku hizi wageni hupiga picha za baraza hizo na kusema Michenzani ina maisha. Kweli ina maisha, lakini hayo hayakuwemo katika mchoro.

Sasa nirudi kwenye swali la bibi.

Mama yake alifariki mwaka 1983, palepale ghorofa ya nne. Walimwosha katika bafu ambalo wawili wakisimama wa tatu hana nafasi. Wanawake walijazana ukumbini, ngazini, mpaka kwa majirani. Jeneza lilipoletwa, likapanda mpaka ghorofa ya kwanza likagoma. Kwenye kona ya ngazi halikuweza kugeuka. Wanaume walijaribu hivi na vile. Mwisho walimshusha yule mama akiwa ndani ya sanda yake na mkeka, mikononi, kona baada ya kona, mmoja akiita "polepole, polepole", mpaka chini lilikosubiri jeneza.

Kwetu mwanamke hafuatani na maiti makaburini. Anapoagana na mzazi wake ni pale mlangoni, jeneza linaponyanyuliwa mabegani na watu wanapoanza kusoma. Mlango wa nyumba ndiyo mwisho wake wa kuona. Bibi alisimama juu ya ngazi, na alichokiona mwisho cha mama yake ni watu wanne wanahangaika na mkeka. Hakuwahi kunisimulia kabla ya siku ile ya mkutano. Aliposema "maiti atapita wapi," hakuwa anafanya mzaha wala hakuwa anapinga maendeleo. Alikuwa ameliishi jumba la namna ile kwa zaidi ya miaka 30, mpaka magoti yalipomshinda akashuka kuja kukaa kwa shangazi yangu katika nyumba ya chini. Kijana wa mchoro alikuwa hajaliishi hata siku moja.

Mji wetu ni mdogo. Sensa ya 2022 ilitupa Wazanzibari karibu milioni 1.9, na karibu nusu yetu tumejazana Mjini Magharibi. Nyumba zinahitajika, tena nyingi, na ardhi ya kisiwa haiongezeki. Mashamba ya mikarafuu na minazi pembezoni mwa mji yanageuka viwanja kila mwaka. Kwa hiyo sina lawama kwa mtu anayesema tujenge kwenda juu. Kwahani nyumba kongwe zimeshavunjwa na ghorofa zimesimama. Fumba, kule alikozaliwa Siti, panajengwa mji mzima mpya, na fleti zinatangazwa kwa bei za dola. Mimi na mwenzangu tuliwahi kukaa na tangazo moja na kikokotoo, tukafunga simu tukapika chai. Siti alitoka Fumba na vyungu vyake akapata pa kuishi Ng'ambo. Leo mtoto wa Ng'ambo akitaka kwenda Fumba aanze kwanza kutafuta dola.

Ninalolisema ni jambo dogo kuliko hapo. Nikiitazama mipango ya mji huu, ule wa 1923, wa 1946, wa 1968, na ule wa Wachina wa mwaka 1982, naona kila mmoja ulijua hesabu za barabara, mitaro na idadi ya watu. Na kila mara wakaazi waliuliza maswali yaleyale: nani amehesabiwa, mpangaji anakwenda wapi, fundi atafanyia kazi wapi, maji yatafika juu, maiti atapita wapi. Maswali hayo yakaitwa wasiwasi, na wasiwasi kwetu hudhaniwa ni ugonjwa, unamwambia mtu "ondoa wasiwasi" kama unavyomwambia ajifunike akilala na homa. Kumbe ni ujuzi. Ni vipimo vilivyochukuliwa kwa mabega na vichwa vya watu, na vingeweza kuongeza nusu mita kwenye kona ya ngazi kabla saruji haijamwagwa.

Kuna dalili njema. Miaka ya karibuni ulifanyika mradi wa Ng'ambo Tuitakayo, ambamo wapangaji wa mji walipita mitaani na kuandika mahali watu wanapokaa, wanaposwali, wanapocheza mpira, mabaraza na majina ya zamani ya mitaa. Ilikuwa kama mara ya kwanza Ng'ambo kuonekana katika ramani kuwa ni mahali pa watu. Kwa hiyo inawezekana. Kuuliza hakugharimu saruji.

Wiki kadhaa baada ya mkutano, nilipata nakala ya kumbukumbu zake. Kurasa mbili. Zimeandikwa vizuri, kwa mpangilio. Fidia imo, makaazi ya muda yamo, maegesho yamo. Nilitafuta swali la bibi, sikuliona. Mstari wa mwisho ulisema: "Wananchi walitoa maoni mengine na yakapatiwa ufafanuzi."

Nilimsomea bibi. Akaniuliza, "Walitia na la maiti?"

Nikamwambia halimo.

"Basi liandike wewe," akasema. "Si ndiyo kazi yako?"